Mwenye Swali na Mwenye Mwale: Kuchagua kati ya Utafiti na Ufundi katika Maabara ya Kichapuzi cha Chembe

Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya fizikia au uhandisi, na ambaye amevutiwa na mashine zinazochapua chembe ndogo za maada hadi mwendo mkubwa mno, kwa kawaida hudhani kwamba mbele yake kuna njia moja tu: asome hadi uzamivu, awe mtafiti, na jina lake litokee katika makala za kisayansi. Dhana hiyo imewapoteza wengi kwa namna mbili. Wapo waliojilazimisha kufanya utafiti ilhali akili na mikono yao ilipenda mitambo, na wapo walioacha kabisa kuomba nafasi kwa sababu hawakujiona kuwa watu wa uzamivu, bila kujua kwamba maabara ya namna hiyo haiwezi kuwasha hata pampu moja pasipo mafundi sanifu, wahandisi na waendeshaji wa mitambo, ambao wengi wao hawana shahada hiyo na hawaihitaji.

Ili ulinganisho huu usielee hewani, nitashikilia maabara moja iliyomo ndani ya chuo kikuu: Kituo cha Miale ya Isotopu Adimu, ambacho hujulikana kwa kifupi kama FRIB, katika Chuo Kikuu cha Michigan State, mjini East Lansing, Marekani. Chuo hicho kimeendesha vichapuzi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1982 kiliwasha saiklotroni (kichapuzi kinachozizungusha chembe) ya kwanza duniani yenye sumaku ya nyaya zinazopitisha umeme bila ukinzani. Desemba 2008 Wizara ya Nishati ya Marekani ilikichagua kijenge FRIB. Ujenzi uligharimu dola milioni 730, ambapo milioni 635.5 zilitoka wizarani na milioni 94.5 zilitoka katika jimbo la Michigan, na kituo kikazinduliwa tarehe 2 Mei 2022. Nimekichagua kwa sababu ya mahali kilipo. Vituo vingi vikubwa viko mbali na madarasa, lakini hapa mwanafunzi anayekwenda kwenye kipindi, profesa anayetoka mkutanoni na fundi anayebeba vali ya gesi ya heli hupishana katika ukumbi mmoja, hivyo anayetaka kuzilinganisha kazi hizi anaweza kuziona zote kwa siku moja.

Mashine yenyewe imelala katika handaki lililo kiasi cha meta 10 chini ya ardhi. Imekunjwa mara mbili kama kibanio cha karatasi, ikiwa na sehemu tatu zilizonyooka na mapinda mawili. Atomu nzito, hata za urani, huvuliwa elektroni zake na kusukumwa na mawimbi ya redio yaliyofungiwa ndani ya mitungi 324 ya metali ya niobi, iliyopangwa katika makasha 46 yanayopozwa kwa heli ya kimiminika. Zikifika mwisho huwa zimepata zaidi ya nusu ya mwendo wa nuru. Hapo hugonga kipande cha grafiti, zikavunjikavunjika, na katika vipande hivyo huchujwa vile viini adimu ambavyo haviko popote duniani kwa kawaida. Mtiririko huo wa chembe, tangu zinapotoka kwenye chanzo hadi zinapomfikia anayezipima, ndio ninaouita mwale. Anayeuliza jambo kwa kutumia mwale huo ni mwenye swali, na anayehakikisha kwamba upo, kwamba umenyooka na kwamba ni salama ni mwenye mwale.

Kazi ya mwenye swali

Mtafiti wa FRIB huuliza mambo ambayo hayana faida ya haraka lakini yana uzito mkubwa. Kiini cha atomu kinaweza kubeba nyutroni ngapi kabla hakijakataa kuongezewa? Dhahabu na urani vilipikwa wapi katika nyota, na kwa hatua zipi? Jaribio la kwanza la kituo, lililofanywa Mei 2022 kwa mwale wa kalisi-48, lilipima nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya viini huwa vimeshaoza, za isotopu tano ambazo hazikuwa zimewahi kupimwa; isotopu ni aina za atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni. Mwaka 2024 kikundi kingine kilitangaza isotopu tano mpya kabisa: thuli-182 na 183, iterbi-186 na 187, pamoja na luteti-190. Sijui wengine huona nini katika orodha kama hiyo, lakini kwangu mimi kuongeza mstari katika jedwali la maada za ulimwengu ni heshima ambayo mwanadamu anaweza kuitafuta maisha yake yote.

Heshima hiyo, hata hivyo, inagawanywa kwa watu wengi na kwa saa chache. Jaribio lile la kwanza liliongozwa na Heather Crawford, ambaye hakuwa mwajiriwa wa FRIB bali wa maabara ya Berkeley, California. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, kwa kuwa kituo kimejengwa kihudumie wanasayansi wa kila mahali, na umoja wa watumiaji wake una wanachama wapatao 1,800. Kila anayetaka mwale huandika ombi, na kamati ya wataalamu huamua. Katika awamu ya kwanza, mwaka 2021, yalifika maombi 82 na yakakubaliwa 34. Aliyekubaliwa hungoja zamu yake, kisha hupewa saa au siku kadhaa za mwale, ambamo hulala kidogo sana, halafu hurudi ofisini na data za kuchambua kwa miezi mingi, pengine kwa miaka miwili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya mtafiti hupita mbele ya kompyuta, akiandika programu, akitafuta makosa katika vipimo vyake na akibishana na wenzake kama kilima kidogo kwenye grafu ni ugunduzi au ni kelele za kifaa.

Safari ya kufika hapo ni ndefu. Uzamivu wa fizikia nchini Marekani huchukua kwa kawaida miaka mitano hadi sita baada ya shahada ya kwanza. Jema lake ni kwamba mwanafunzi wa fani hii kwa kawaida halipi ada, bali hupewa posho ya kujikimu kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Baada ya hapo huja ajira ya mtafiti wa baada ya uzamivu, ya miaka miwili au mitatu, na wengi huifanya mara mbili katika miji au nchi tofauti, wakiwa tayari na mwenza na watoto, kabla hawajapata au hawajakosa nafasi ya kudumu. Chuo cha Michigan State peke yake hutoa takribani asilimia 10 ya wahitimu wote wa uzamivu wa fizikia ya nyuklia nchini Marekani, nao wote hawawezi kuwa maprofesa. Wengi huishia katika maabara za taifa, hospitali, viwanda na kampuni za data, na huko hufanya kazi za maana. Aliyeingia akidhani kwamba uprofesa ndio malipo pekee ya jasho lake huumia bure.

Kazi ya mwenye mwale

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo panapojulikana kidogo.

Chukua mtungi mmoja wa niobi. Kabla haujaingia kwenye handaki, huoshwa kwa tindikali ili uso wake wa ndani umomonyolewe kidogo na kuwa laini, kisha husuuzwa kwa maji safi kupita kiasi yanayotoka kwa shinikizo kubwa, na huunganishwa ndani ya chumba kisicho na vumbi na mafundi waliojifunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Sababu ni kwamba punje moja ya vumbi iliyobaki ndani, ambayo jicho haliioni, inaweza kurusha elektroni pale mawimbi ya redio yanapopanda, na mtungi ukashindwa kufikia nguvu uliyobuniwa kuifikia. Fundi anayefunga boliti za mtungi huo anaamua, kwa utulivu wa mikono yake, ubora wa sayansi ya miaka mingi ijayo. Hana budi kuujua mpangilio wa kukaza boliti kwa zamu, kutambua sauti ya pampu ya ombwe inayoanza kuchoka, na kusaka kwa heli mvujo mdogo ambamo hata maji yasingeweza kupita.

Au chukua utando wa lithi. Katikati ya safari yake, mwale lazima upite katika kitu chembamba kitakachouvua elektroni zaidi. Utando wa kaboni uliozoeleka kwingine haustahimili mwale wa nguvu unaokusudiwa hapa, kwa hiyo wahandisi wa FRIB walitengeneza utando wa lithi iliyoyeyushwa, wenye unene wa takribani sehemu 10 hadi 20 za elfu za milimita, unaokwenda kwa kasi ya zaidi ya meta 50 kwa sekunde ndani ya ombwe. Lithi huwaka ikigusana na maji. Kubuni kitu cha namna hiyo, kukijaribu, kukiwekea kinga na hatimaye kukikabidhi kwa waendeshaji wa zamu ni kazi ya kihandisi yenye ubunifu usiopungua ule wa makala yoyote ya fizikia, na mtu anayesema kwamba ufundi ni njia ya waliokosa utafiti hajaiona.

Kisha kuna chumba cha kuongozea mitambo, ambako waendeshaji hukaa zamu mchana na usiku, sikukuu na Jumapili, mashine inapokuwa kazini. Mbele yao kuna skrini za mfumo uitwao EPICS, ambao hutumiwa na vichapuzi vingi duniani, zikionyesha maelfu ya vipimo vya joto, shinikizo, mkondo wa umeme na mkao wa mwale. Mwale ukipotoka, mitambo ya kinga huukata ndani ya sehemu 35 za milioni za sekunde, kwa kuwa mwale wenye nguvu hizo unaweza kutoboa bomba. Kuukata ni kazi ya mitambo, lakini kuelewa ni kwa nini umekatwa na kuurudisha bila kuharibu chochote ni kazi ya mtu. Nyuma ya waendeshaji wapo wataalamu wa ubaridi, wanaoiweka heli kwenye nyuzi takribani 269 na mahali pengine 271 chini ya sifuri ya Selsiasi. Wapo pia wa mawimbi ya redio, wapimaji wanaozinyoosha sumaku, wakerezaji vyuma, waandishi wa programu za udhibiti na maofisa wa kinga dhidi ya mionzi.

Mlango wa kuingilia huku ni mfupi zaidi. Fundi sanifu huanza na stashahada ya miaka miwili au uzoefu wa kiwandani. Mwendeshaji mara nyingi ana shahada ya kwanza ya fizikia au uhandisi, na nchini Marekani baadhi yao walifundishwa kuendesha vinu vya nyuklia vya jeshi la majini. Mhandisi ana shahada ya kwanza au uzamili. Mshahara kamili huanza mwezi wa kwanza, wakati rafiki yake wa uzamivu bado anaishi kwa posho, na mtu anaweza kujenga nyumba, kusomesha watoto na kuzeeka katika mji mmoja. Udhaifu wake ni kwamba jina lake halionekani sana nje ya kuta za maabara, ingawa wahandisi huandika makala na kuyawasilisha katika mikutano ya vichapuzi. Aidha, asipojitahidi kujifunza mapya, anaweza kujikuta miaka 15 baadaye akijua mashine moja tu. Hofu ya bajeti haimbagui mtu: fedha za uendeshaji hupitishwa na Bunge la Marekani kila mwaka, na zikipungua, saa za mwale hupungua kwa wote, wenye swali na wenye mwale.

Jambo linaloamua kwa anayetoka kwetu

Kwa msomaji aliyeko Dodoma, Eldoret au Bujumbura, kuna tofauti moja inayozipita nyingine zote, nayo ni viza. Mwanafunzi wa uzamivu huingia Marekani kwa viza ya F-1, na mtafiti kwa J-1 au H-1B. Fundi sanifu mwenye stashahada hana mlango unaolingana na hiyo, kwa sababu H-1B hutolewa kwa kazi inayohitaji angalau shahada ya kwanza katika fani husika, na ndiyo maana nafasi za ufundi sanifu kwa kawaida hujazwa na watu ambao tayari wapo nchini. Mhandisi anaweza kuajiriwa kutoka nje, lakini iliyo rahisi zaidi ni kuanza kama mwanafunzi wa uzamili au uzamivu palepale chuoni. Aidha, baadhi ya wenye J-1 hutakiwa kurudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba aina nyingine za viza, na sharti hilo linafaa kusomwa kabla ya kutia saini, si baada.

Tofauti ya pili ni ya kurudi nyumbani. Mtafiti wa muundo wa viini akirudi Afrika Mashariki hataikuta mashine ya kuuliza maswali yake. Atafundisha chuo kikuu, atashirikiana na wenzake wa mbali, labda atasafiri hadi maabara ya iThemba, Afrika Kusini, yenye saiklotroni inayochapua protoni hadi volti-elektroni milioni 200, au atajiunga na watafiti wa nadharia katika taasisi ya fizikia iliyofunguliwa Kigali mwaka 2018 chini ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia. Mtaalamu wa mwale naye atakuta vichapuzi hapa hapa. Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, hutibu wagonjwa kwa vichapuzi vya mstari, na ndani ya mashine hizo mna ombwe, mawimbi ya redio, sumaku na kinga za mionzi, yaani mambo yaleyale kwa kipimo kidogo. Mashine ya namna hiyo ikiharibika na fundi akasubiriwa kutoka ng'ambo, wagonjwa hukatiziwa matibabu. Kwa hiyo ujuzi huo, tofauti na mwingine mwingi wa ughaibuni, una pa kufikia.

Njia ya tatu

Kati ya hao wawili yupo mtu ambaye wanafunzi wetu hawamsikii kabisa: mwanafizikia wa vichapuzi. Huyu hufanya uzamivu, huandika makala, hutetea tasnifu, lakini swali lake ni mwale wenyewe. Huchunguza jinsi ya kuubana usitawanyike, jinsi ya kuufanya mtungi wa niobi ubebe nguvu zaidi, na jinsi ya kupunguza umeme unaoliwa na mitambo ya ubaridi. Michigan State ina mpango maalumu wa kuwafundisha watu hawa tangu 2017, katika maeneo manne: fizikia na uhandisi wa vichapuzi vikubwa, mitungi inayopitisha umeme bila ukinzani, nguvu za mawimbi ya redio, na mifumo mikubwa ya ubaridi. Kwa kuwa vyuo vingi havina somo hili, ipo shule inayozunguka, USPAS, ambayo mara mbili kwa mwaka hukusanya wanafunzi chini ya uenyeji wa chuo kimoja cha Marekani na kuwafundisha kwa wiki mbili kiasi ambacho kwingine kingechukua muhula mzima.

Faida yake ni kwamba anaingia kwa mlango wa viza ya mtafiti na kutoka na mikono ya mhandisi. Ulimwengu una vichapuzi zaidi ya 30,000, na vilivyo vingi haviko katika utafiti bali hospitalini na viwandani, kwa hiyo hategemei uprofesa ili aishi. Hasara yake ni kutokuwa na kundi moja analoliita lake: wenye swali humwona kama mtoa huduma, na wahandisi humwona kama mtu wa milinganyo. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wetu mwenye alama nzuri za fizikia ambaye pia amewahi kufungua redio iliyokufa akaifufua, naiweka njia hii mbele ya zile mbili, na siioni ikitajwa vya kutosha katika vyuo vyetu.

Kwa asiye na mwelekeo ulio wazi hivyo, kipimo ninachokiamini ni cha aina ya kushindwa anayoweza kuivumilia. Kushindwa kwa mtafiti huja polepole: amechambua data kwa miaka miwili, na jibu ni kwamba kiini alichokitafuta hakikuonekana, au kundi la Japani limechapisha kwanza. Kushindwa kwa mwenye mwale huja ghafla: ni saa tisa usiku, mwale umekatika, wageni waliosafiri kutoka mabara matatu wamesimama nyuma ya kiti chake, na kila saa inayopita imetoka katika mgawo wao wa siku chache. Mtu mmoja huumwa na kichwa kwa lile la kwanza na kuchangamka kwa lile la pili, na mwingine ni kinyume chake. Kabla ya kuchagua, jaribu kukumbuka mara ya mwisho kitu kilipokuharibikia mikononi, na mara ya mwisho ulipokaa na swali lisilo na jibu kwa mwezi mzima, kisha ujiulize ni lipi kati ya hayo lililokutoa usingizi kwa furaha.

Barua za maombi nazo hutofautiana, na waombaji wetu huzichanganya. Anayeomba uzamivu, ambao katika vyuo vingi vya Marekani dirisha lake hufungwa karibu na Desemba, ataje swali na kundi la utafiti analotaka kujiunga nalo, na aeleze data alizowahi kuchambua, hata kama ni za mradi mdogo wa mwaka wa mwisho. Kuhudhuria Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza 2010 na kufanyika Kigali mwaka 2016, humsaidia kupata wa kumwandikia barua ya kumtambulisha. Anayeomba kazi ya uhandisi au uendeshaji aache falsafa ya ulimwengu, aandike ni mashine gani amewahi kuikabidhiwa, iliharibika vipi, alitambuaje chanzo, na ilichukua muda gani kurudi kazini. Jenereta ya hospitali ya wilaya, au mtambo wa ubaridi wa kiwanda cha samaki Mwanza, ni mfano unaokubalika kabisa mbele ya jopo la FRIB, mradi hatua za utatuzi zimeelezwa kwa mpangilio na kwa vipimo.